Kijiko cha Kijani na Suruali Kumi na Mbili

Sehemu ya Saba

Mlimwacha wapi King'ora wiki iliyopita? Nyuma ya pazia la fundi, si ndiyo? Basi bado yuko pale pale. Mguu wa kulia umeingia, wa kushoto umeingia, kiuno ndicho kimegoma. Kifungo na tundu lake vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombea mpaka.

"Imekaaje?" Mama Pindo akauliza akiwa nje ya pazia.

Pazia likatikisika.

"Baba, nakuuliza, imekaaje?"

"Haijafika," King'ora akajibu. "Iko njiani."

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo tu, ngoja nikudokezee haraka, nisikuache kwenye mataa. King'ora ni dereva wa gari la zimamoto. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu ya sauti yake. Akikusalimu upande huu wa barabara, wa upande wa pili wanaitikia. Mama Pindo ni mkewe, fundi cherehani wa miaka kumi na tisa, na ndiye anayeshona sare za kikosi kizima.

Wiki nane zilizopita daktari alimpima King'ora akakuta sukari imepanda na kiuno kimefika sentimita mia moja na kumi na mbili. Akamwambia bila kupepesa macho: nakupa miezi mitatu. Ukirudi hivi hivi, sisaini karatasi ya kukuruhusu kuendesha gari la dharura. Utakaa mezani, upokee simu.

King'ora apokee simu. Mtu ambaye hajawahi kukaa kitako dakika kumi mfululizo isipokuwa nyuma ya usukani. Usiku ule hakula, na mkewe alipomuuliza anawaza nini, alisema wazi kwamba bila lile gari yeye si mtu.

Ndipo akatokea Bwana Kijiko na makopo yake ya unga wa kijani. Majani ya ajabu, kasema, yamekaushwa kivulini. Kijiko kimoja asubuhi kinasafisha damu, kinayeyusha mafuta, kinashusha sukari, kinarudisha ujana na chenji juu. King'ora akanywa. Juzi juzi, Mama Pindo alipompima kwa ajili ya sare mpya, tepu ikasoma mia moja na nane. Sentimita nne zimeyeyuka. Kikosi kizima kilikuwa kimeshaingia kwenye kijiko, na kila aliyepimwa alikutwa amepungua kuliko kadi yake ya kliniki. Bwana Kijiko akaahidi kuleta mpiga picha Jumamosi, siku ya gwaride la ukaguzi, ili sura ya King'ora ibandikwe kwenye kila kopo.

Leo ni Jumatano. Suruali ni kumi na mbili. Sasa twende.

"Labda, shemeji, hiyo ni ya mtu mwingine," akasema Ngazi, yule mrefu wa kikosi, aliyekuwa wa pili kwenye foleni. "Nipe yangu nijaribu."

Akapewa yake. Akaingia chumba cha nyuma. Akatoka anatembea kwa hatua fupi fupi, uso umemwiva.

"Shemeji, nikikaa humu ndani itapasuka."

Wa tatu akajaribu. Wa nne akajaribu. Wa tano akaangalia wenzake, akasema yeye anaona akajaribie nyumbani.

Mama Pindo akaweka chaki chini. Miaka kumi na tisa, mashati na makoti na suruali zisizo na idadi, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi kwake kwa kubana. Akageuka polepole. Pale kwenye meza ya kukatia alisimama dada yake King'ora, mkono mmoja kiunoni. Wifi huyu alihamia kwenye karakana mwezi uliopita na cherehani yake, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa walikuwa wamegawana: Mama Pindo anapima na kuandika kwenye daftari, wifi anakata, Mama Pindo anashona.

"Wifi," akasema kwa upole ule wa mtu aliyeuma meno, "hizi ulizikata ukiwa wapi?"

"Hapa hapa, mchana kweupe, na akili zangu zote. Umeandika mia na nane, nimekata mia na nane. Ulitaka nikate nilichoota?"

"Miaka yote nakata mwenyewe na hakuna iliyorudi."

"Basi ungekata mwenyewe."

"Jamani," King'ora akasema nyuma ya pazia, "kuna mtu hapa ana suruali nusu."

"Nyamaza," wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Wifi hakutaka kusingiziwa. Akafungua mkoba wake, akatoa tepu yake, akailaza suruali ya kaka yake mezani na kuipima kiuno mbele ya mashahidi wanne wa zimamoto. Mia moja na nane, haikuzidi wala haikupungua.

Mama Pindo akaivua tepu yake shingoni. Akapima suruali ile ile, mahali pale pale.

Mia moja na tatu.

Macho yakamtoka pima. Akarudia. Mia moja na tatu.

"Tepu yako mbovu, wifi."

"Yangu nimeinunua mwezi uliopita. Yako je?"

Ngazi, ambaye kwa kazi yake amezoea watu wawili kupiga kelele kwa wakati mmoja, akasogea. "Zilazeni zote mbili mezani, mwanzo kwa mwanzo."

Wakazilaza. Sifuri na sifuri zikakaa pamoja kwenye ukingo wa meza, ishirini na ishirini zikaanza kupishana kidogo, hamsini zikapishana zaidi. Zilipofika mwisho, mia na hamsini ya wifi ilikuwa imeshatulia, na mia na hamsini ya Mama Pindo bado inaendelea na safari yake, mbele kwa vidole vinne vizima.

Wifi akainua macho taratibu ukutani. Kwenye msumari ule, kila jioni kwa miaka minne, tepu ya Mama Pindo ilitundikwa ikiwa imefungwa mkasi kwenye ncha yake. Mkasi wenyewe wa chuma, wa kukatia makoti, ukikuangukia mguuni huendi kazini wiki. Aliufunga hapo kwa kuwa ulikuwa unaazimwa hovyo na haurudi.

"Wifi yangu," akasema, na hasira imemtoka yote, "hii tepu ni kitambaa. Umeitundikia mkasi wa kilo nzima kila usiku, ulitaka isirefuke?"

"Lakini nguo zote zilikuwa zinakaa vizuri," Mama Pindo akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. Kisha akajijibu. "Kwa sababu iliyopima mwili ndiyo iliyopima kitambaa. Uongo kwa uongo ukakutana."

"Na safari hii wewe umepima na mimi nimekata. Uongo umekutana na kweli."

Ngazi akacheka mpaka akashika mlango. Wengine wakamfuata. Hata wifi akacheka, na Mama Pindo akaanza kucheka naye, kwa ile furaha ya mtu aliyegundua kwamba hakuna mwizi nyumbani, kitu kilidondoka nyuma ya kabati.

Ghafla Mama Pindo akaacha kucheka. Alikuwa amefika mahali ambapo wenzake bado hawajafika.

"Baba," akaita. "Toka huko."

King'ora akatoka, ameshika suruali kwa mikono miwili. Mama Pindo akachukua tepu ya wifi yake, akaizungusha kiunoni mwa mumewe, akainama asome, akabaki ameinama.

"Soma," King'ora akasema.

"Mia moja na kumi na tatu."

Msomaji, hesabu mwenyewe. Daktari alikuta mia na kumi na mbili. Wiki nane za unga wa kijani, kijiko kila asubuhi bila kukosa hata siku moja, na mtu ameongeza sentimita.

"Tepu ya dada yangu imesinyaa," King'ora akasema.

"Imesinyaa kwa mvua ipi?" wifi akamuuliza.

Wengine nao wakapimwa kwa tepu ile ile. Ngazi yuko kama kadi yake ya kliniki ilivyosema, hajapungua hata unywele. Mwingine kaongeza mbili. Hakuna aliyepungua. Unga haukuwa umeyeyusha kitu. Kilichoyeyuka ni tepu ya fundi.

Mama Pindo akakaa kwenye kiti cha cherehani. Aliona aibu mbele ya wale wanaume, lakini aibu ilikuwa ndogo. Hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Zilibaki wiki nne kwa daktari, na nane za kwanza zilikuwa zimepotea wakiwa wanashangilia.

Na kama ilivyo kawaida, ukimtaja sana mtu, huyo mlangoni. Bwana Kijiko akaingia, shati limepigwa pasi, begi la makopo begani, kifuko cha chakula mkononi.

"Mabingwa wangu," akasema. "Tayari kwa picha?"

Wakamweleza. Nimpe haki yake, hakutetereka. Alifikiri kidogo, akainua kidole.

"Dozi. Dozi ndiyo ndogo. Mwili mkubwa huu, kijiko kimoja kitafika wapi? Vijiko vitatu, asubuhi, mchana na jioni."

King'ora akaanza kutikisa kichwa kukubali. Mama Pindo akasimama.

"Bwana Kijiko, hebu inua mikono."

"Ya nini?"

"Inua tu."

Akainua. Tepu mpya ikazunguka. Themanini na mbili.

"Hongera. Na wewe unakunywa vijiko vingapi?"

Bwana Kijiko akakohoa. Akatazama makopo yake. Alikuwa mfanyabiashara lakini mwongo hakuwa, na hapo ndipo biashara ilipomponza.

"Mimi, dada yangu, huo unga tumbo langu haupatani nao."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Ngazi akamsogelea, akanyoosha mkono kwenye kile kifuko.

"Na humu umebeba nini?"

"Chakula changu cha mchana."

"Fungua tuone."

Maharage. Mboga za majani, nyingi, zimejaa nusu ya bakuli. Kiazi kitamu cha kuchemsha. Chungwa.

"Kila siku hivi?" Mama Pindo akauliza.

"Si kila siku. Mke wangu ndiye anayepanga. Jana samaki, juzi dengu. Nyama ipo, ila si ya kila siku. Soda ananinyima hata harusini."

"Na makopo haya unayatembeza kwa gari?"

"Gari nitoe wapi? Kwa miguu. Mtaa kwa mtaa, toka asubuhi."

Wifi akapiga makofi mara moja, akakunja mikono. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Ila huyu, anayejitembeza ndiye mwenye afya."

Bwana Kijiko mwenyewe akashindwa, akacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba majani ni mazuri, wallahi, anayakausha yeye na mkewe, hayana uchafu wala kemikali. Mama Pindo akachovya kidole kwenye kopo, akaonja.

"Sisemi ni mabaya. Ni majani. Lakini kijiko kimoja cha majani kitabishanaje na sahani tatu kwa siku? Baba, niambie, jana umekula nini?"

"Nimeanza na kijiko," King'ora akasema.

"Halafu?"

"Chai."

"Sukari?"

"Vinne. Si nimeshakunywa unga?"

"Saa nne?"

"Chipsi. Kidogo."

"Kidogo cha sahani mbili," Ngazi akaongeza.

"Ngazi, nitakuacha kwenye paa siku moja. Mchana wali na nyama ya kukaanga. Na soda. Soda mbili."

"Na mboga?"

King'ora akashangaa kweli kweli. "Mboga si iko kwenye unga?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amejiambia maneno hayo hayo kimoyomoyo. Kijiko kilikuwa kimegeuka ruhusa. Ukikinywa asubuhi, mchana kutwa huna deni na mtu.

"Na jioni?" Mama Pindo akauliza, akaona mumewe anasita. "Sema tu. Jioni umekula wapi?"

"Jioni," King'ora akasema, na ile sauti yake ikashuka, "umenipakulia wewe, mke wangu."

Ikamchoma. Akakumbuka siku ile tepu iliposoma mia na nane: alichinja kuku, akamkaanga mzima, wakala wakicheka mpaka mifupa. Na tangu siku ile, kila jioni, ni yeye aliyesimama na upawa juu ya sahani ya mumewe akisema, umekonda baba, ongeza kidogo. Bwana Kijiko aliuza unga, haya. Lakini tepu ilikuwa yake yeye, na upawa ulikuwa wake yeye. Alitamani ardhi ipasuke.

"Basi kosa ni langu," akasema mbele ya wote.

"Kosa ni la mdomo wangu," King'ora akasema. "Wewe hukunishika pua nimeze."

Wakaangaliana. Wifi akageuka upande, akajifanya anatafuta chaki.

Lililofuata lilikuwa la haraka. Wifi, ambaye kumbe ni mkataji mwenye hekima, alikuwa ameacha akiba ya kitambaa vidole viwili kila mshono, kwa hiyo suruali zote kumi na mbili zingeweza kufumuliwa na kupanuliwa kabla ya Jumamosi. Bwana Kijiko akauliza kwa aibu kuhusu picha. King'ora akafikiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutakiwa sura yake na mtu asiye polisi, na alikuwa ameshawaambia ndugu wote.

"Picha hakuna," akasema mwishowe. "Sitaki sura yangu imwambie mtu kitu ambacho tumbo langu linakikana."

Jumamosi wakapita kwenye gwaride wamenyooka, suruali zimekaa, na mkaguzi akasifu mshono. Hilo likaisha. Lile la daktari ndilo likaanza.

Nisiwadanganye, wiki nne zile hazikuwa na maajabu. Mnaosubiri nitaje jani fulani au mzizi fulani, mtasubiri sana. Chai ikabaki na kijiko kimoja cha sukari, kisha nusu. Nusu ya sahani mboga, halafu ndiyo mengine yatafute nafasi. Maharage leo, samaki kesho, wali upo ila umepunguzwa kimo. Tunda badala ya soda. Kazini kwa miguu, kurudi kwa miguu. King'ora alinung'unika wiki ya kwanza kwa sauti ambayo mtaa wa pili walidhani kuna ajali.

"Hii sahani yote ya kijani," alisema, "afadhali kijiko. Kijiko kilikuwa kinaisha upesi."

Wiki ya kwanza ikaisha, tepu mpya ikasoma mia na kumi na tatu. Akataka kuacha. "Mbona kopo lilinipunguzia nne?" akauliza, na mkewe akamwangalia tu mpaka akajikumbusha mwenyewe. Wiki ya pili, mia na kumi na mbili. Wiki ya tatu ikakaa pale pale, na Mama Pindo akalala macho wazi. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wasemavyo, ila hawasemi kibaba kinachukua muda gani.

Wiki ya nne, siku ya daktari.

Walikwenda pamoja. Chumba kilikuwa na meza, mizani, kitanda chenye karatasi nyeupe na dirisha lililokwama. Daktari akapima kiuno: mia moja na kumi. Akachukua damu, akaingia chumba cha pili. King'ora alikaa akitazama mikono yake, ile mikono ya usukani, na Mama Pindo akaweka kiganja chake juu yake.

Daktari akarudi na karatasi.

"Haijafika ninapotaka," akasema.

King'ora akafumba macho.

"Lakini imeshuka vizuri, na inashuka kwa njia inayoaminika. Nasaini. Endesha gari lako, na kila mwezi nikuone hapa."

King'ora hakupiga kelele. Aliinama akafuta uso kwa mkono wa shati, na mkewe akamwachia apumue.

"Umetumia nini?" daktari akauliza huku anaandika. "Maana wengi huniletea makopo."

"Sahani," King'ora akasema.

"Sahani ipi?"

"Zote, daktari."

Daktari akacheka, akapiga muhuri. Walikuwa wamesimama waondoke, furaha tele, King'ora ameshaanza kurudi kwenye sauti yake, daktari alipomtazama Mama Pindo kwa namna ya mtu anayekumbuka kitu.

"Na mama je? Ulipimwa lini mara ya mwisho?"

"Mimi mzima, daktari. Mimi ndiye nimemleta mgonjwa."

"Miguu unaisikiaje jioni? Kiu?"

"Kiu ya kawaida. Karakana ina joto."

"Lete kidole."

Akatoa kidole, kwa heshima tu, amkamilishie daktari siku yake. Akachomwa. Kile kimashine kidogo kikafikiri, kikatoa namba. Daktari akaisoma, akasoma tena, akamgeuzia aione mwenyewe.

Ilikuwa juu kuliko ile ya King'ora siku ya kwanza kabisa.

Sasa msomaji, kuna jambo sikukwambia, na sikukwambia kwa sababu Mama Pindo mwenyewe hakulihesabu kuwa ni jambo. Siku ile walipoamua kubadili sahani, nyumbani kulikuwa na kreti mbili za soda, makopo ya biskuti na siagi, vyote vimeshanunuliwa. Mumewe hatakiwi kuviona. Kuvitupa, nani atupe chakula? Basi alivihamishia karakana, chini ya meza, na kila mchana, katikati ya mshono na mshono, alikuwa anavimaliza kimoja kimoja. Mboga na samaki akimpakulia mumewe, yeye akisema ameshashiba.

"Mama, leo umekula nini?" daktari akauliza.

Akamwangalia mumewe. Akaangalia sakafu. "Soda moja, wakati wa kutoka. Na biskuti. Vilikuwa vimebaki." "Vile nilivyomwondolea yeye. Sikutaka viharibike."

Mganga hajigangi, wahenga walisema, na fundi huyu aliyezungusha tepu kwenye viuno vya mji mzima hajawahi hata siku moja kuizungusha kwenye chake.

"Kwa hiyo sukari yangu," King'ora akasema taratibu, "umeichukua wewe."

"Sikujua, baba."

"Ulikuwa unanitengenezea sahani, halafu unakaa kula ugonjwa wangu peke yako."

Hakukuwa na ukali ndani yake. Mama Pindo ndiye aliyelia, machozi ya kweli, mbele ya daktari, na mumewe akamvuta akamweka begani.

"Tusikimbilie kulia," daktari akasema. "Mtu aliyetoka kunywa soda, kidole kimoja hakinitoshi kumwita mgonjwa. Huenda ni mabaki ya kreti tu. Huenda ni zaidi. Kesho saa moja asubuhi, kabla hujaweka kitu mdomoni, uje. Hapo ndipo nitajua."

"Atakuja," King'ora akasema. "Na jioni hii napika mimi, na tunakula sahani zinazofanana, mbele ya macho yangu."

Alipika kweli. Mboga ziliungua upande mmoja na maharage yalikuwa magumu, na Mama Pindo alikula yote bila kusema neno, kwa sababu hakumbuki mara ya mwisho mtu mwingine kumpakulia.

Asubuhi, saa moja kasoro, walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Mlango ukafunguliwa. Daktari akachoma kidole, akaweka tone, kimashine kikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

"Unaogopa?" King'ora akanong'ona.

"Naogopa sana."

"Hata mimi. Nishike."

Tatu, mbili, moja. Namba ikatokea. Daktari akaitazama, akamtazama Mama Pindo, akavuta kiti karibu yake, akakaa. Namba yenyewe, msomaji, wiki ijayo.